Mlo wa Bundi Unavyosomwa Kwenye Vitonge Vyake

Bundi hatafuni. Hana meno, na mdomo wake uliopinda ni wa kukamatia na kuraruria, si wa kusaga. Panya mdogo humezwa mzima, mara nyingi kichwa kikitangulia. Windo kubwa hukatwa mapande, nayo mapande humezwa pamoja na ngozi na mifupa yake. Saa kadhaa baadaye, sehemu ya mlo ule isiyosagika hurudi kwa njia ile ile iliyoingilia. Bundi hunyoosha shingo, hufumba macho nusu, hupanua mdomo, na bonge jeusi lenye unyevu hudondoka chini. Bonge hilo, ambalo katika makala hii litaitwa kitonge, ni nywele zilizosokotana na kuifunga mifupa ndani yake. Si kinyesi, wala si dalili ya ugonjwa. Kinyesi cha bundi ni majimaji meupe yanayoacha madoa ukutani na kwenye mawe, na hutoka kwingine kabisa.

Ndege wengi wana gole, mfuko wa shingoni wa kuhifadhia chakula kwa muda. Bundi hana. Windo hushuka moja kwa moja kupitia umio hadi tumboni, na tumbo lenyewe lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza hutoa asidi na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama. Cha pili ni firigisi, lakini kazi yake si ile inayojulikana kwa firigisi ya kuku, ya kusaga punje kwa changarawe. Firigisi ya bundi huchuja. Majimaji yenye lishe hupita kwenda kwenye utumbo, ilhali nywele, mifupa, meno, kucha na magamba ya wadudu huzuiwa, hukamuliwa na kushindiliwa mpaka vikawa kitu kimoja. Kitonge kikishakamilika hupandishwa tena hadi chumba cha kwanza na kusubiri hapo.

Wakati kinasubiri, njia ya chakula imezibwa. Bundi mwenye kitonge tumboni hawezi kumeza windo jipya vizuri mpaka akitoe. Kwa bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo ambaye wataalamu humwita Tyto alba, kitonge huhitaji saa sita au zaidi kukamilika, na kwa kawaida ndege mmoja hutoa kimoja au viwili kwa siku. Kimoja huweza kuangukia porini usiku wakati wa mawindo. Kingine hudondoka mchana mahali pa kulala. Kwa hiyo rundo lililo chini ya kituo cha bundi halina kila alichokula. Lina sehemu tu, ingawa ni sehemu kubwa na inayojirudia mwaka hadi mwaka.

Bundi si ndege pekee anayetoa vitonge. Kipanga, kozi, tai na hata baadhi ya ndege wa pwani hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba kitonge cha kipanga hakisomeki kwa urahisi. Ndege hao wa mchana huchuna nyama kutoka kwenye mifupa kabla ya kumeza, na asidi ya tumbo lao ni kali zaidi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1975 vilionyesha kuwa pH ya tumbo la bundi ni takribani 2.35, na ya ndege mbuai wa mchana ni takribani 1.6; kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo asidi inavyokuwa kali. Mfupa uliopita kwa kipanga hutoka umelika au hautoki kabisa. Uliopita kwa bundi mweupe mara nyingi hutoka ukiwa safi, na fuvu huweza kuwa zima na meno yake yote. Ubovu huo wa bundi katika kuyeyusha mifupa ndio uliomfanya awe msaidizi mkubwa wa elimu ya wanyama wadogo.

Vitonge hutafutwa pale bundi anapolala. Afrika Mashariki bundi mweupe hukaa kwenye dari za nyumba za zamani na za makanisa, maghala, visima vilivyoachwa, mashimo ya mibuyu, nyufa za miamba na mara nyingi ndani ya kiota kikubwa cha fundichuma, ambacho ndege wengi hukirithi. Alama za kituo ni madoa meupe na vitonge vilivyotapakaa chini. Kitonge kibichi cha bundi mweupe ni cheusi, kinang'aa kama kilichopakwa mafuta, na urefu wake ni kati ya sentimeta tatu na sita. Kikikauka hupoteza mng'ao na kuwa kijivu. Cha bundi wakubwa wa jenasi ya Bubo ni kikubwa zaidi na hakina mng'ao huo. Ndani ya kitonge cha bundi wa Verreaux huweza kupatikana mabaki ya sungura au ya kalunguyeye, ambaye ndege huyo hujua kumvua ngozi yenye miiba kabla ya kumla.

Bundi wadogo ni shida nyingine. Kibundi wa Sokoke, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke wa pwani ya Kenya, na kibundi wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila kisiwani humo, hula zaidi wadudu. Kitonge cha vipande vya mbawakawa na panzi hakina nywele za kukishikilia, hivyo huvunjika punde kikigusa ardhi, na mvua moja humaliza kazi. Bundi mla samaki wa Pel, anayeishi kandokando ya mito kama Rufiji, naye huacha magamba na miiba ya samaki isiyoshikamana. Ndiyo maana maarifa mengi kuhusu mlo wa bundi ni maarifa kuhusu bundi mweupe hasa, na si haki kuyapeleka kwa bundi wote bila kuangalia.

Kukusanya vitonge hakumdhuru ndege, ilimradi mkusanyaji asiende wakati wa kuatamia wala asipande hadi kwenye kiota. Bundi akishtuliwa mchana hutoka kwenye mwanga, na huko kunguru na ndege wengine humzonga. Kila kitonge huwekwa kwenye bahasha yake ya karatasi, kwa sababu mfuko wa plastiki hufuga ukungu, na juu ya bahasha huandikwa mahali, tarehe na aina ya bundi. Kitonge kisicho na maandishi hayo ni mifupa tu. Rundo la zamani lililovurugika huchukuliwa lote kwa pamoja na kuhesabiwa kama fungu moja, kwani hakuna tena njia ya kujua kipi kilitoka lini. Ndani ya hifadhi za taifa kazi hii huhitaji kibali, sawa na utafiti mwingine wowote.

Usalama wa mkusanyaji nao una uzito. Mwaka 2005 wataalamu wa afya walichapisha taarifa ya milipuko ya salmonela katika shule za msingi za jimbo la Minnesota, Marekani, iliyotokana na watoto kuvunja vitonge darasani, tena kwenye vyumba walimokula chakula. Katika nchi zetu, ambako panya hubeba vimelea vya magonjwa mengi na tauni imewahi kusumbua wilaya kama Lushoto, tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi: glavu mikononi, barakoa usoni wakati wa kuchakura vumbi kavu, na vitonge kupashwa moto kwenye oveni kabla ya kuguswa. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni nyuzi 160 za sentigredi kwa dakika 40 hivi, vikiwa vimefungwa kwenye karatasi ya alumini. Kugandisha kwenye friza huua wadudu waliomo, lakini hakuui bakteria wote.

Kisha kitonge hufunguliwa. Wapo wanaokivunja kikiwa kikavu, kwa kibano na sindano, juu ya karatasi nyeupe. Wengine hukiloweka kwanza katika maji ya uvuguvugu mpaka nywele zikaachana. Mwenye vitonge mamia hutumia maji yaliyochanganywa na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ambayo huyeyusha nywele kwa saa chache na kuiacha mifupa. Inataka uangalifu, maana huunguza ngozi na ikizidi huanza kula mifupa yenyewe. Njia kavu ni ya polepole, lakini ndiyo inayoonyesha mambo yalivyokaa. Safu ya nje ni nywele za kijivu zilizobanana. Chini yake hutokea ncha ya mkia, mbavu nyembamba mno, kisha uti wa mgongo ambao pingili zake bado zimefuatana. Fuvu kwa kawaida huwa limejaa nywele zilizoshindiliwa hadi ndani ya tundu la macho, na hutolewa taratibu kwa ncha ya sindano. Likishatoka, kazi ya kumtambua mwenyewe huanza mdomoni mwake.

Meno ndiyo kitambulisho. Panya wa aina yoyote ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, marefu, yaliyopinda, mara nyingi yenye rangi ya manjano au chungwa upande wa mbele, yasiyoacha kukua. Nyuma yake kuna pengo tupu, halafu magego. Kirukanjia, ambaye watu wengi humdhania kuwa panya mdogo mwenye pua ndefu, hana pengo hilo: fuvu lake ni jembamba na meno makali yamefuatana kutoka mbele hadi nyuma. Virukanjia wengi wa Ulaya wana ncha nyekundu za meno kwa sababu ya madini ya chuma. Wa Afrika wana meno meupe. Popo ana fuvu fupi lenye chonge zilizo wazi na mifupa ya mikono mirefu kupita kiasi. Ndege hujulikana kwa mdomo na mfupa wa kidari, chura kwa mifupa mirefu ya nyonga, mjusi kwa taya lenye vijino vinavyofanana vyote. Wadudu huacha vichwa, miguu na mbawa ngumu.

Kumtenga panya mmoja na mwingine ni kazi ya jicho lililozoea, na hapa kuna jambo dogo linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Panya shamba, Mastomys natalensis, na panya mweusi wa majumbani, Rattus rattus, wanaishi karibu na binadamu na mafuvu yao yanafanana machoni mwa asiyezoea, hasa panya wa nyumbani akiwa bado mchanga. Gego la kwanza la juu la panya wa nyumbani lina mizizi mitano. La panya shamba lina mitatu. Hata gego likiwa limeng'oka na kupotea, matundu ya mizizi hubaki kwenye mfupa wa taya, na mtu mwenye lenzi huyahesabu na kujua ni nani aliyeliwa. Panya wa jenasi ya Otomys, wanaopenda nyasi za mabondeni na milimani, wana magego yaliyojengwa kwa mabamba yaliyopangwa sambamba, hivyo hutambulika hata kwa jino moja. Zipo pia spishi ambazo mifupa haitoshi kuzitenganisha. Mastomys natalensis na jamaa yake Mastomys coucha wa kusini mwa Afrika hutofautishwa kwa kromosomu, 32 kwa mmoja na 36 kwa mwingine, au kwa DNA, ambayo siku hizi huweza kutolewa kwenye mifupa ya vitonge.

Baada ya kutambua huja kuhesabu. Kanuni inayotumika ni ya idadi ndogo kabisa inayowezekana. Kama kitonge kina mafuvu mawili ya panya shamba, taya tatu za chini za kushoto na nne za kulia, basi waliliwa panya wanne angalau, kwa kuwa panya mmoja hawezi kuwa na taya mbili za kulia. Mbavu na pingili hazihesabiwi, ni nyingi na hazina sura ya spishi. Hesabu hufanywa kitonge kwa kitonge pale inapowezekana, kwani ikifanywa kwa rundo zima, kichwa cha panya wa Januari huweza kuunganishwa na taya la panya wa Machi.

Idadi peke yake hupotosha. Virukanjia wengi wadogo hawafikii gramu 15. Panya shamba aliyekomaa ana gramu kati ya 40 na 80. Panya wa nyumbani huweza kupita 150. Bundi aliyekula virukanjia watano na panya wa nyumbani mmoja amekula virukanjia zaidi kwa hesabu ya vichwa, lakini shibe yake imetoka kwa panya. Kwa sababu hiyo kila idadi huzidishwa kwa uzito wa wastani wa mnyama husika, na matokeo hutolewa kwa namna mbili: asilimia ya vichwa na asilimia ya uzito. Ripoti inayotoa moja tu kati ya hizo inaficha nusu ya habari, hata kama haikukusudia. Jambo hili huonekana wazi zaidi wakati wa kumbikumbi, bundi wanapoweza kujaza tumbo kwa wadudu wengi ambao kwa uzito hawamfikii panya mmoja.

Na vipo vinavyopotea. Nyungunyungu, viwavi na kitu chochote laini huacha alama ndogo mno au haviachi kabisa. Windo likikatwa mapande, kichwa huweza kubaki chini ya mti kisiingie tumboni. Mifupa ya wanyama wachanga, iliyo laini bado, huyeyuka kwa urahisi kuliko ya waliokomaa. Kinachoweza kupima upotevu huo ni kumlisha bundi aliyefugwa panya wa idadi inayojulikana, kisha kuvunja vitonge vyake na kuona kilichorudi. J. Raczyński na A. L. Ruprecht walifanya hivyo Poland na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Mwaka 1979 Peter Dodson na Diane Wexlar wakachapisha ya kwao Marekani. Majaribio hayo yalithibitisha kuwa hakuna bundi anayerudisha mifupa yote, na kwamba kiasi kinachopotea hutofautiana kwa spishi. Bundi mweupe ni miongoni mwa wanaoharibu kidogo kabisa.

Hesabu ya kwanza kubwa ya aina hii ilifanywa na Bernard Altum, padri wa Kijerumani aliyekuwa pia mtaalamu wa wanyama, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Katika vitonge 706 vya bundi mweupe alikuta popo 16, panya wakubwa 3, panya wadogo 237, panya wa mashambani wenye mkia mfupi 693, virukanjia 1590, fuko mmoja na ndege 22. Jumla ni wanyama 2562, yaani zaidi kidogo ya watatu na nusu kwa kila kitonge, na ndege hawakufika hata asilimia moja. Enzi hizo wafugaji na wawindaji wa Ulaya waliwaua bundi kwa madai kwamba wanamaliza vifaranga na ndege wa kuwindwa. Madai hayo yalikuwa yamesemwa kwa karne nyingi bila mtu kukaa chini na kuhesabu. Altum alihesabu. Idadi ya virukanjia nayo inafundisha: ni wanyama ambao paka huwaua na kuwaacha kwa sababu ya harufu yao, lakini bundi huwala bila shida.

Kitonge hueleza habari za bundi na za nchi kwa pamoja, kwa sababu bundi hutega mahali ambapo mtu hategi. Mwaka 2007, katika vitonge vilivyookotwa kusini-magharibi mwa Ireland, kwenye kaunti za Tipperary na Limerick, ilitokea mifupa ya kirukanjia asiyejulikana kuwapo kisiwani humo, Crocidura russula. Mwaka uliofuata wakanaswa wakiwa hai. Mnyama mgeni alikuwa ameingia na kuzaliana, na wa kwanza kuleta ushahidi walikuwa ndege. Kusini mwa Afrika mtaalamu D. H. S. Davis aliandika mwaka 1959 kuhusu mchango huo wa bundi mweupe katika elimu ya mazingira ya sasa na ya kale, na tangu hapo ramani za kuenea kwa panya na virukanjia katika eneo hilo zimetegemea sana vitonge.

Kwa mkulima wa Tanzania swali ni la karibu zaidi: je, bundi anapunguza panya? Panya shamba ndiye mharibifu mkuu wa mahindi. Jike huwa na chuchu hadi 24 na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na mvua za vuli zikiwa nyingi uzazi huanza mapema, idadi hulipuka, na mbegu hufukuliwa shimoni kabla hazijaota. Makadirio yanayotajwa na watafiti ni kwamba panya humaliza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi kila mwaka. Na vitonge vya bundi mweupe katika maeneo ya kilimo ya Afrika vinaonyesha mara kwa mara kuwa panya shamba yumo kwenye mlo, mara nyingi akiwa wa kwanza.

Hata hivyo, kuliwa kwa panya wengi hakumaanishi kwamba shamba limepona. Huko Morogoro, watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walijaribu kulipima jambo hili kwenye mashamba ya mahindi na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Baadhi ya viwanja vilifunikwa nyavu ili ndege wasiingie. Vingine viliwekewa miti ya kutulia na masanduku ya viota ili bundi na vipanga wavutiwe. Vingine viliachwa kama vilivyo. Palipokuwa na uzio wa kuwazuia panya kuhama, idadi yao ilipanda haraka zaidi pale ambapo wawindaji wamezuiwa. Kwenye viwanja vya wazi tofauti ilififia, kwa sababu panya wa mashamba ya jirani walihamia na kujaza nafasi za walioliwa. Bundi anakula panya, na hilo halina ubishi. Lakini anayemwambia mkulima kwamba sanduku moja la kiota litamwokoa katika mwaka wa mlipuko anamwahidi kisichokuwepo.

Kwingineko mambo yamekuwa tofauti kulingana na mahali. Katika mashamba ya michikichi ya Malaysia, ambako masanduku ya viota yamewekwa kwa wingi, vitonge vimeonyesha kuwa karibu mlo wote wa bundi mweupe wa huko ni panya wa mashamba hayo. Katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, mradi wa bundi umewaingiza watoto wa shule kwenye kazi ya kulea ndege hao na kuvunja vitonge vyao darasani. Kwa upande mwingine, Shelisheli ililetewa bundi mweupe kutoka bara la Afrika mwaka 1949 ili amalize panya, naye akageukia ndege weupe wa baharini wanaotaga kwenye matawi wazi bila kiota. Serikali ikaishia kutoa zawadi kwa kila bundi aliyeuawa. Bundi hula kinachopatikana kwa urahisi, na orodha ya mlo wake wa bara haiwezi kuhamishiwa kisiwani.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki bundi anayelia juu ya paa huhesabiwa kuwa mleta msiba, na hupigwa mawe au viota vyake kuchomwa. Vitonge vyake vilivyo chini ya paa lile lile huwa na mabaki ya panya waliokuwa wakila akiba ya nyumba hiyo. Kuuawa kwa mkono wa mtu si hatari pekee. Sumu za panya zinazozuia damu kuganda haziui papo hapo. Panya aliyezila huyumbayumba kwa siku kadhaa, akiwa windo rahisi kuliko mwenzake mzima. Masalia ya sumu hizo yamegunduliwa ndani ya vitonge vya bundi, na hivyo kitonge kimekuwa pia njia ya kujua kama ndege wa eneo fulani wanalishwa sumu bila kumkamata wala kumchoma sindano hata mmoja.

Kitonge kisichookotwa hakidumu. Mabuu ya nondo na mbawakawa hula nywele zake, mvua hukilegeza, na katika miezi michache mifupa hutawanyika ardhini. Lakini pale kituo kilipo pangoni au kandokando ya maji yanayoleta matope, mifupa hufukiwa, na ikifukiwa vizuri huweza kukaa mamilioni ya miaka. Hivyo ndivyo vitonge vya kale vilivyohifadhiwa kwenye Bonde la Olduvai, Tanzania. Katika tabaka la chini la bonde hilo, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.8, ambamo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959, kuna maelfu ya mifupa na meno ya panya na virukanjia. Mfaransa Jean-Jacques Jaeger aliwachambua panya hao mwaka 1976, na mwaka 1983 Mwingereza Peter Andrews akaonyesha kwamba mchanganyiko wa spishi ulibadilika kutoka safu za chini kwenda za juu: wanyama wa mahali penye miti na unyevu walipungua, wa nyika kavu wakaongezeka. Kwa njia hiyo panya walitoa picha ya mazingira waliyoishi binadamu wa kale, tena picha ya karibu zaidi kuliko ile ya nyumbu au tembo wanaotembea mbali.

Hoja hiyo ilihitaji kuthibitishwa kwa mambo mawili. La kwanza ni nani aliyeikusanya mifupa. Andrews, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alipanga wanyama wala nyama kwa kiwango cha uharibifu wanaouacha kwenye meno na mifupa, kuanzia bundi mweupe anayegusa kidogo hadi wanyama wa miguu minne wanaotafuna na kuyeyusha karibu kila kitu. Mwaka 1998 yeye na wenzake, wakiongozwa na Yolanda Fernández-Jalvo, walikitumia kipimo hicho kwa safu za Olduvai, moja baada ya nyingine. La pili ni kujua bundi wa leo huandika nini kuhusu nchi ya leo. Mmarekani Denne Reed aliokota vitonge kwenye vituo vya bundi mweupe vya Serengeti, kwenye miamba na miti ya maeneo yenye mvua na uoto tofauti, akalinganisha mlo wa kila kituo na mimea inayokizunguka, kisha akaupeleka ulinganisho huo kwa visukuku vya Olduvai katika kazi aliyoichapisha mwaka 2007. Safu ambayo mifupa yake ina alama za meno ya mnyama badala ya asidi hafifu ya bundi hutengwa na kusomwa peke yake, kwa kuwa anayewinda kwa miguu hupita kwingine na hukamata wengine.